Kipandikizi Kwanza, Vinia Baadaye: Upangaji wa Urembo wa Meno kwa Mgonjwa Mwenye Kipandikizi na Haja ya Kadi ya Kumbukumbu katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kupanga uwekaji wa vinia, yaani vipande vyembamba vya kauri vinavyogundishwa upande wa mbele wa meno, kwa mgonjwa ambaye tayari ana kipandikizi cha jino. Hoja kuu ni kwamba kipandikizi hakisogei na taji lake halibadiliki rangi kwa dawa ya kung'arisha meno. Kwa hiyo, mpango wowote wa kurembesha meno jirani hauna budi kuanzia kwenye kipandikizi, kabla enameli haijaguswa. Mfano unaotumika ni wa mgonjwa aliyekulia katika eneo la Bonde la Ufa lenye floraidi nyingi kwenye maji. Makala inapitia uchunguzi, rangi, umbo la ufizi, mkutano wa meno, ugundishaji na matunzo. Kisha inaonesha kwamba hatua hizo zote hutegemea kumbukumbu ambazo mgonjwa anayevuka mpaka anaweza asiwe nazo, na inapendekeza kadi ya kipandikizi itakayotambuliwa na nchi zote wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Kipandikizi cha jino na vinia ni tiba mbili zenye historia tofauti, na kila moja ina sharti lake. Kipandikizi ni skrubu ya titani, au mara chache ya zirkonia, inayowekwa ndani ya mfupa wa taya badala ya mzizi wa jino lililopotea. Katika miaka ya 1950, mtafiti wa Sweden Per-Ingvar Brånemark aligundua kwamba mfupa hai unaweza kushikamana moja kwa moja na titani bila utando wa nyama katikati. Mwaka 1965 ugunduzi huo ulitumika kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa aliyepoteza meno. Juu ya skrubu hiyo hufungwa kiungo, na juu ya kiungo huwekwa taji, ambalo wagonjwa wetu wengi huliita kofia.

Vinia ilitoka njia nyingine. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionesha kwamba asidi ya fosforasi ikipakwa juu ya enameli huacha vishimo vidogo sana ambavyo gundi ya resini hushika ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti walionesha kwamba kauri nayo inaweza kuparuzwa kwa asidi ya hidrofloriki ili ishikwe na gundi hiyohiyo. Kuanzia hapo iliwezekana kugundisha kipande cha kauri chenye unene wa takribani milimita 0.3 hadi 0.7 juu ya jino bila kulichonga pande zote kama inavyofanyika kwa taji.

Tofauti ya tiba hizi inaweza kuelezwa kwa maneno machache: kipandikizi huishi kwa mfupa, vinia huishi kwa enameli. Daktari anayezikutanisha katika kinywa kimoja analazimika kuheshimu masharti ya zote mbili. Makala hii haikusudii kumfundisha daktari wa meno kazi yake. Inakusudia kuwaeleza watafiti na washauri wa sera kwa nini mpangilio wa hatua ni suala la usalama wa mgonjwa na la matumizi ya fedha yake, na kwa nini kumbukumbu ya kipandikizi ni sehemu ya tiba yenyewe.

2.0 Mgonjwa wa Mfano

Ili ufafanuzi uwe na mahali pa kushika, tuchukue mgonjwa wa kubuni. Ni mwanamke wa miaka 34 aliyekulia katika miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha. Alipokuwa na miaka 24 alipoteza jino la kati la juu upande wa kulia katika ajali ya pikipiki, akawekewa kipandikizi na taji jijini Nairobi. Sasa anaishi na kufanya kazi Kampala. Amekwenda kwa daktari wa meno na ombi lililo wazi: anataka vinia kwenye meno sita ya mbele ya juu ili aondokane na madoa ya kahawia aliyokua nayo.

Madoa hayo yana sababu inayojulikana. Maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa hupita katika miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kwa sababu vyanzo mbadala vilikuwa haba. Magadi yanayotumika kulainisha maharage na mboga huongeza kiasi hicho. Floraidi ikizidi mwilini mwa mtoto wakati enameli inajengeka, jino huota likiwa na ukungu mweupe, madoa ya kahawia, au hata vishimo. Jambo hili hutokea utotoni, hivyo maji safi anayokunywa mtu akiwa na miaka 30 hayafuti kilichokwisha kujengeka.

Ombi la mgonjwa huyu linaonekana la meno sita. Kwa hakika ni la meno matano na taji moja. Jino la kati la kulia si jino. Ni kauri iliyofungwa juu ya kipandikizi. Isitoshe, fundi sanifu wa meno aliyelitengeneza taji hilo miaka kumi iliyopita alifanya kazi yake vizuri kwa kulifananisha na meno jirani, madoa yakiwemo. Ustadi uliomfaa mgonjwa wakati ule ndio unaozaa tatizo la sasa: meno matano yakibadilika, taji litabaki na sura ya zamani.

3.0 Mambo Matatu Yasiyobadilika

3.1 Kipandikizi hakisogei

Jino la asili halikujengewa ndani ya mfupa kama nguzo kwenye zege. Mzizi wake umening'inizwa kwa nyuzi laini ambazo huliruhusu kuzama kidogo linapoumwa, na ndizo huliwezesha kusogezwa kwa nyaya za kupanga meno. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Kimeshikamana na mfupa, na nyaya haziwezi kukisogeza. Kwa sababu hiyo, kikiwa kimewekwa mbele mno, juu mno au kwa mwinamo usiofaa, makosa hayo hubaki hivyo mpaka kitolewe kwa upasuaji.

Kuna jambo la pili ambalo mgonjwa haliwazii. Meno ya asili huendelea kushuka polepole pamoja na mabadiliko ya uso hata baada ya ujana kwisha, ilhali kipandikizi hubaki palepale. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 na watafiti wa Geneva ulionesha kwamba hata kwa watu wazima tofauti kati ya taji la kipandikizi na meno jirani inaweza kuzidi milimita moja na nusu kwa kipindi cha miaka kadhaa. Kwa hiyo huenda taji la mgonjwa wetu, lililokuwa sawa na jirani zake alipokuwa na miaka 24, leo likaonekana fupi. Anayepanga vinia kwa kufuata urefu wa meno ya asili peke yake ataliacha taji likiwa limejificha juu. Anayezipanga kwa kufuata taji peke yake ataukatisha urefu wa meno mengine yote. Uamuzi huo hufanywa kwa kupima, na hufanywa mwanzoni.

3.2 Taji halibadiliki rangi kwa dawa

Dawa za kung'arisha meno, ambazo nyingi hutegemea peroksaidi, hupenya enameli na kufifisha rangi iliyomo ndani ya jino. Kauri haina njia hiyo. Mgonjwa akingarisha meno yake, meno ya asili hubadilika na taji hubaki lilivyo. Vilevile, vinia na taji haviakisi mwanga kwa namna moja. Vinia ni nyembamba na mwanga huipenya mpaka kwenye jino, kwa hiyo rangi inayoonekana ni mchanganyiko wa kauri, gundi na jino lenyewe. Chini ya taji kuna kiungo cha titani au zirkonia. Kauri ileile, kwa rangi ileile, itaonekana tofauti ikiwekwa juu ya misingi hiyo miwili.

Ufizi nao una mchango wake. Ukiwa mwembamba, chini ya takribani milimita mbili, rangi ya kijivu ya titani inaweza kuonekana kwenye ukingo wake. Hakuna vinia itakayoficha kivuli hicho kwa sababu hakipo kwenye jino.

3.3 Ufizi kati ya kipandikizi na jino una mipaka

Pembetatu ndogo ya ufizi iliyo kati ya jino na jino hutegemea umbali kati ya mahali meno yanapogusana na kilele cha mfupa chini yake. Mwaka 1992 Dennis Tarnow na wenzake walionesha kwamba umbali huo ukiwa milimita 5 au pungufu, pembetatu hiyo hujaa karibu kila mara. Ukifika milimita 7, hujaa kwa wachache tu. Kati ya jino na kipandikizi, hali hutegemea hasa urefu wa mfupa ulio upande wa jino la asili. Mfupa ukipungua, nafasi nyeusi hujitokeza.

Hapa ndipo vinia inaweza kumsaidia daktari. Kwa kurefusha eneo la mgusano kati ya vinia ya jino jirani na taji, nafasi nyeusi inaweza kufungwa bila kugusa mfupa. Lakini hilo linawezekana tu endapo taji na vinia vimebuniwa pamoja. Vinia zikigundishwa leo na taji likafikiriwa mwakani, fursa hiyo hupotea.

4.0 Mpangilio wa Hatua

Kutokana na mambo hayo matatu, hatua za mpango hufuatana kwa utaratibu ambao haufai kugeuzwa.

Hatua ya kwanza ni kukitambua kipandikizi na kukipima afya. Daktari huhitaji kujua aina yake, kipenyo chake, tarehe kilipowekwa, na iwapo taji limefungwa kwa skrubu au kwa saruji ya meno. Hupiga eksirei ili kuona kiwango cha mfupa, na hupima kina cha ufizi kukizunguka akiangalia kama unatoka damu au usaha. Damu bila upotevu wa mfupa huashiria uvimbe wa ufizi unaoweza kutibika kwa usafi. Upotevu wa mfupa unaoendelea ni ugonjwa mzito zaidi, na unaweza kuishia kwa kukipoteza kipandikizi. Hakuna urembo unaopangwa juu ya msingi unaooza.

Hatua ya pili ni kuamua iwapo meno yanahitaji kusogezwa. Kwa kuwa kipandikizi hakisogei, meno ya asili ndiyo yatakayosogezwa kukifuata, na hilo hufanyika kabla ya vinia. Meno yaliyopangika vizuri huhitaji kuchongwa kidogo, na enameli hubaki.

Hatua ya tatu ni rangi. Kwa mgonjwa wetu, madoa ya floraidi hayalazimishi vinia moja kwa moja. Madoa mepesi yanaweza kupunguzwa kwa kusugua tabaka la juu kabisa la enameli kwa asidi hafifu pamoja na unga wa kusugulia, kwa kujaza vitundu vya enameli kwa resini nyepesi, au kwa kung'arisha kwa dawa. Ikitosha, mgonjwa atahitaji taji moja jipya tu badala ya kazi ya meno sita. Chaguo hili halina budi kutajwa waziwazi kwa kila mgonjwa mwenye kipandikizi, kwa kuwa ndilo la gharama ndogo na lisiloharibu jino. Baada ya kung'arisha, ni vema kusubiri takribani wiki mbili au zaidi: kwanza rangi itulie, pili oksijeni iliyobaki kwenye enameli itoke, maana hudhoofisha gundi.

Madoa yakiwa mazito, yenye vishimo, vinia huwa na sababu. Hata hivyo, enameli iliyoathiriwa na floraidi ina tabia yake. Tabaka lake la nje ni gumu na husumbua asidi kuparuza, ilhali chini yake kuna vitundu vingi. Vipimo vya ukali wa hali hii vilivyopendekezwa na Thylstrup na Fejerskov mwaka 1978, vikitokana na meno ya watoto wa Tanzania, vilihusisha mwonekano wa jino na mabadiliko hayo ya ndani. Kwa daktari, maana yake ni kwamba uamuzi wa kuchonga kiasi gani na kuparuza kwa muda gani hutegemea daraja la athari, na hauwezi kunakiliwa kutoka kwa mgonjwa asiye na tatizo hilo.

Hatua ya nne ni mfano wa majaribio. Fundi sanifu hutengeneza umbo linalokusudiwa kwa nta au kwa kompyuta, kisha umbo hilo hunakiliwa mdomoni kwa plastiki laini inayoganda bila jino kuchongwa. Mgonjwa hutabasamu, huzungumza, hujitazama. Katika mfano huu ndipo urefu wa taji la kipandikizi hulinganishwa na wa meno mengine, na ndipo mgonjwa anaweza kusema hapana bila kupoteza chochote. Taji la zamani likionekana halifai, huondolewa na kuwekwa la muda, ambalo pia huufinyanga ufizi taratibu kwa majuma au miezi.

Hatua ya tano ni utengenezaji. Taji jipya na vinia hutengenezwa na fundi mmoja, kwa wakati mmoja, kwa kauri ya aina moja. Njia inayosaidia ni kukipa kiungo cha kipandikizi umbo na rangi ya jino lililokwisha kuchongwa, ili kauri ya nje iwe na unene unaokaribiana kote. Vyote hujaribiwa pamoja mdomoni, mchana kwenye mwanga wa kawaida, kabla kimoja hakijagundishwa.

Utaratibu huu ukigeuzwa, hasara haiko sawa pande zote. Taji linaweza kutengenezwa upya mara ya pili na ya tatu. Enameli iliyochongwa hairudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Mgonjwa aliyewekewa vinia kwanza, kisha akagundulika kwamba kipandikizi chake kina ugonjwa au taji lake halilingani, atalipa upya kwa fedha na kwa jino.

5.0 Mkutano wa Meno, Ugundishaji na Matunzo

Jino la asili likiumwa linaweza kuzama kwa kiasi cha elfu 25 hadi 100 za milimita, yaani sehemu 25 hadi 100 kati ya elfu moja. Kipandikizi huzama sehemu 3 hadi 5 tu. Tofauti hii ndogo ina athari kubwa. Taji la kipandikizi likigusana na jino la chini sawasawa na majirani wakati mgonjwa anauma polepole, atakapouma kwa nguvu majirani watazama na kipandikizi kitaubeba mzigo peke yake. Kwa hiyo, taji huachwa na nafasi ndogo sana: karatasi nyembamba ya kupimia ipite mgonjwa akiuma polepole, na ishikwe akiuma kwa nguvu. Vivyo hivyo, taya linaposogea mbele au pembeni, kazi ya kuliongoza igawanywe kwenye meno kadhaa, lisiachiwe taji la kipandikizi peke yake. Mgonjwa mwenye tabia ya kusaga meno usingizini apewe kikinga cha usiku, maana vinia na kauri ya taji huvunjika hasa kwa nguvu hizo.

Katika ugundishaji, vinia na taji hufuata njia tofauti. Vinia hugundishwa kwa resini juu ya enameli iliyokauka na kulindwa dhidi ya mate. Taji la kipandikizi, inapowezekana, ni vema lifungwe kwa skrubu. Saruji inayobaki chini ya ufizi karibu na kipandikizi ni moja ya vichochezi vinavyojulikana vya uvimbe na upotevu wa mfupa. Taji la skrubu lina faida nyingine: linaweza kufunguliwa bila kuvunjwa endapo meno jirani yatashuka tena au rangi itahitaji kubadilishwa. Kwa mgonjwa mwenye vinia, uwezo wa kufungua taji ndiyo akiba yake ya baadaye.

Matunzo nayo yanataka uangalifu. Mswaki, uzi wa meno na brashi ndogo za kati ya meno vinatosha kwa nyumbani. Kliniki iepuke jeli za floraidi zenye asidi, kwa kuwa huharibu mng'ao wa kauri na zinaweza kuchubua titani. Vyombo vya chuma kigumu visitumike kukwangua kipandikizi. Muuguzi wa meno anayemsafisha mgonjwa katika mji mwingine hawezi kuyajua hayo bila kuambiwa kwamba kipandikizi kipo.

6.0 Kumbukumbu kama Sehemu ya Tiba

Tumrudie mgonjwa wetu Kampala. Daktari wake ameona skrubu kwenye eksirei. Hajui ni ya mtengenezaji gani. Watengenezaji wa vipandikizi ni wengi, na kila mmoja ana umbo lake la kiungo na bisibisi yake. Bila kujua aina, daktari anaweza asipate kifaa cha kufungulia taji, au akanunua kiungo kisicholingana. Kiungo kisicholingana hulegea, huvunjika, au huacha upenyo wa bakteria. Hivyo, mpango wote uliofafanuliwa hapo juu unaweza kukwama kwenye hatua ya kwanza kwa kukosekana kwa kipande kimoja cha karatasi.

Nchi nyingine zimeshalitazama suala hili. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2017/745 kuhusu vifaa tiba, iliyoanza kutumika Mei 2021, inamtaka mtengenezaji wa kifaa kinachopandikizwa mwilini atoe kadi yenye jina la kifaa, namba ya mfululizo au ya toleo, namba ya utambulisho wa pekee, na jina, anwani na tovuti ya mtengenezaji. Kanuni hiyo imeyaondoa mataji ya meno na skrubu katika wajibu huo. Kwa mtazamo wa mpango wa vinia, hapo ndipo pengo lilipo. Daktari wa pili anahitaji kujua skrubu iliyo mfupani, lakini anahitaji pia kujua kilicho juu yake: aina ya kiungo, kauri ya taji, rangi iliyochaguliwa, na namna lilivyofungwa. Afrika Mashariki haina sababu ya kuiga kanuni hiyo pamoja na pengo lake.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, imerahisisha watu kuvuka mipaka kwa kazi na makazi. Mwili wa mtu huvuka mpaka pamoja na kipandikizi chake, ilhali faili lake hubaki kliniki. Kwa hiyo makala hii inapendekeza mambo manne.

Kwanza, kadi ya kipandikizi iwe sharti katika nchi wanachama, ikabidhiwe mgonjwa siku taji linapofungwa, si siku ya upasuaji tu. Iwe na jina la mtengenezaji na mfumo, kipenyo na urefu, namba ya toleo, tarehe, mahali kilipowekwa kinywani, aina ya kiungo, aina na rangi ya kauri, na namna ya kufunga.

Pili, kadi iandikwe kwa Kiswahili pamoja na lugha rasmi ya nchi husika. Daktari wa Bujumbura au Goma aliyefundishwa kwa Kifaransa na mwenzake wa Dar es Salaam aliyefundishwa kwa Kiingereza wanaweza kukutana katika Kiswahili, lakini tu kama istilahi zimekubaliwa. Leo neno taji, neno kofia na maneno ya mkopo hutumika kwa kitu kilekile, na wakati mwingine kwa vitu tofauti. Hapa wanataaluma wa Kiswahili wana kazi ya dhahiri ya kufanya pamoja na madaktari wa meno.

Tatu, mamlaka zinazosimamia vifaa tiba, kama vile TMDA nchini Tanzania na Rwanda FDA nchini Rwanda, zihusishwe ili namba za utambulisho wa vipandikizi zinavyoingizwa nchini ziweze kufuatiliwa hadi kwa mgonjwa. Hili litasaidia pia endapo toleo fulani litagundulika kuwa na kasoro.

Nne, fomu ya ridhaa ya vinia iwe na swali la lazima: je, mgonjwa ana kipandikizi? Na endapo anacho, ameelezwa chaguo la kung'arisha au kutibu madoa na kubadilisha taji moja tu? Swali hili halina gharama, na linamlinda mgonjwa dhidi ya kuuziwa kazi kubwa kuliko haja yake.

Mapendekezo haya hayaondoi haja ya kinga. Kila mtoto anayekunywa maji yaliyopunguzwa floraidi ni mgonjwa mmoja pungufu wa vinia, na kazi inayofanywa na vituo kama kile cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, Arusha, ina nafasi yake katika mjadala wa afya ya kinywa sawasawa na kliniki ya kauri.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba kwa mgonjwa mwenye kipandikizi, vinia si jambo la meno yanayoonekana peke yake. Kipandikizi hakisogei, taji lake haling'ariki kwa dawa, na ufizi unaolizunguka una mipaka ambayo kauri haiwezi kuivuka. Mpango unaoanzia hapo huhifadhi enameli, hupunguza idadi ya meno yanayoguswa, na mara nyingine huishia kwa taji moja jipya pale ambapo mgonjwa alitarajia kazi ya meno sita. Mpango unaoanzia kwenye vinia humlazimisha mgonjwa kulipia mara mbili, na malipo ya pili huwa ni sehemu ya jino ambayo haitarejea.

Daktari mwenye ujuzi anaweza kufuata mpangilio huu hata leo. Asichoweza kufanya peke yake ni kujua kilichowekwa na mwenzake katika nchi nyingine miaka kumi iliyopita. Hilo ni jukumu la sera, na kadi ndogo inayokaa kwenye pochi ya mgonjwa ndiyo hatua ya kwanza inayopendekezwa kwa mamlaka za afya za ukanda huu.